Fordsburg: Kiinimacho cha karatasi na rangi

Mtu anayezitazama kwa mbali taswira za nyuso zilizotengenezwa na msanii wa Uganda, marehemu Benon Lutaaya, huamini kwamba anatazama rangi ya mafuta iliyopakwa nene juu ya turubai. Shavu huonekana limejaa, paji la uso hung'aa upande unaopigwa na mwanga, na chini ya jicho hulala kivuli ambacho mchoraji yeyote wa shule ya kale angejivunia. Anaposogea karibu, uso huo humeguka. Kinachobaki mbele yake ni vipande vya karatasi vilivyochanwa kwa mkono, kingo zake zikiwa na weupe wa mchano, vimebandikwa kimoja juu ya kingine kwa gundi. Hapa herufi ya tangazo, pale kipande cha picha ya gazeti la mitindo. Akirudi nyuma tena, mtoto yule hurejea na kumtazama.

Kiinimacho hicho kilizaliwa Fordsburg, kitongoji cha magharibi ya kitovu cha jiji la Johannesburg, mnamo mwaka wa 2011. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuishi nayo: msanii hakuwa na fedha za kununua rangi.

Lutaaya alizaliwa Uganda mwaka 1985 na kusomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, jijini Kampala. Alifika Johannesburg kwa mwaliko wa muda mfupi wa kufanya kazi katika Bag Factory, jengo la studio za wasanii lililoko Fordsburg. Mwaliko wa aina hiyo humpa msanii chumba, mwanga na majirani wa kuongea nao. Rangi za mafuta ni jambo jingine. Kibomba kimoja cha rangi nzuri huweza kugharimu kiasi cha chakula cha siku kadhaa, na turubai moja kubwa humeza vibomba vingi. Kijana huyo aliamua kuokota karatasi zilizotupwa mitaani, magazeti na majarida ya zamani, akazichambua kwa rangi kama mshonaji anavyochambua vitambaa, na kuanza kuchora bila brashi.

Ili kufahamu jambo hilo lilikuwa na uzito gani, inafaa kwanza kwenda mbali na Fordsburg, hadi Italia ya karne ya 17.

Katika jumba la makumbusho la Opificio delle Pietre Dure, mjini Florence, kuna picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa na Domenico Remps, mchoraji aliyefanya kazi Italia katika nusu ya pili ya karne hiyo. Jina lake halitajwi pamoja na majina ya Caravaggio au Titian, na wengi wa wanaoijua picha hiyo hawamjui mwenyewe. Picha inaonyesha kabati la mbao lenye milango ya vioo iliyoachwa wazi. Ndani yake zimepangwa ajabu za dunia: fuvu la kichwa cha binadamu, marijani, makombe ya bahari, mbawakawa, vitu vya pembe za ndovu, picha ndogondogo, na kioo cha duara kilichobinuka kinachoakisi chumba. Kwenye fremu ya milango kumechomekwa karatasi. Kioo kimoja cha mlango kimevunjika, na ufa wake umechorwa kwa ustadi hata mtazamaji huogopa kukatwa kidole.

Hakuna kabati. Hakuna kioo wala karatasi. Vyote ni mafuta ya mimea yaliyochanganywa na unga wa rangi na kupakwa juu ya kitambaa.

Makabati ya namna hiyo yalikuwa fahari ya matajiri wa Ulaya. Aliyekuwa nalo alitaka wageni wake wajue kwamba mkono wake unafika kila bahari. Inafaa kukumbuka pia kwamba katika muongo uleule wa 1690, majeshi ya Oman yalikuwa yameizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanguka mikononi mwao mwaka 1698 baada ya mzingiro wa miezi thelathini na zaidi. Pembe za ndovu zilizotoka bara na kupitia bandari za Waswahili zilikuwa miongoni mwa bidhaa zenye thamani kubwa katika Bahari ya Hindi, na Wareno na Waomani hawakupigania mawe ya ngome tu.

Ufundi wa kuchora kitu hadi mtazamaji adhani ni chenyewe ni wa kale kuliko Remps. Mwandishi wa Kirumi Plinio alisimulia mashindano ya wachoraji wawili wa Kiyunani. Zeuxis alichora zabibu, ndege wakaja kuzidonoa. Parrhasius akamwonyesha mwenzake picha iliyofunikwa kwa pazia, na Zeuxis alipoomba pazia liondolewe, ndipo alipogundua kwamba pazia lenyewe ndiyo picha. Zeuxis alikubali kushindwa: yeye alikuwa amewadanganya ndege, mwenzake amemdanganya mchoraji.

Wataliano waliufikisha ufundi huo mbali, na mara nyingine kwa sababu zilezile za Lutaaya. Katika kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma, mahali palipopaswa kuwa na kuba hapana kuba. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema fedha zilipungua. Mwaka 1685, Andrea Pozzo, bruda wa Shirika la Wajesuiti, alitandaza juu turubai yenye upana wa mita zipatazo 17 na kuchora kuba kamili, yenye nguzo, madirisha na mwanga unaoshuka kutoka juu. Sakafuni pamewekwa alama inayoonyesha mahali pa kusimama ili udanganyifu ukamilike. Anayeivuka alama hiyo huliona kuba likianza kuinama kama mti uliokatwa.

Kati ya kuba la Pozzo, kabati la Remps na nyuso za Lutaaya kuna undugu, lakini pia kuna mgeuzo mmoja mkubwa. Remps alitumia rangi kumfanya mtazamaji aone karatasi. Lutaaya alitumia karatasi kumfanya mtazamaji aone rangi. Mtaliano alificha kazi ya mkono wake, kwa maana kiharusi kimoja cha brashi kikionekana kabati lote huharibika. Mganda aliiacha michano wazi, na hakuwa na haja ya kumshika mtazamaji katika uongo kwa muda mrefu. Hatua tatu mbele, ukweli uko pale, umebandikwa kwa gundi.

Fordsburg yenyewe ni mahali panapozoea watu waliofika bila kitu. Kitongoji hicho kilipimwa katika miaka ya mwanzo kabisa ya jiji, baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na kikawa makazi ya wafanyakazi. Mnamo Machi 1922, mgomo wa wachimba migodi wa kizungu ulipogeuka kuwa uasi wa silaha, Fordsburg ilikuwa ngome yao ya mwisho. Serikali ya Jan Smuts ilitumia ndege na mizinga, na tarehe 14 Machi mwaka huo mtaa ulipigwa mabomu hadi waasi wakasalimu amri. Ulikuwa uasi wa wafanyakazi, naam, lakini moja ya madai yake makubwa ni kwamba Waafrika wasipewe kazi zilizotengwa kwa wazungu.

Baadaye wakaja wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Miaka ya 1970 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha wenye maduka kutoka Pageview, kitongoji cha jirani ambacho wakaazi wake walikiita Fietas, na kuwajengea soko la Oriental Plaza huko Fordsburg. Waliohamishwa walipoteza nyumba na mtaa wao wa biashara uliokuwa maarufu. Walichopewa ni safu za maduka ya kupangisha. Tangu mwaka 1994 wameongezeka Wapakistani, Wabangladeshi, Wamisri, na katika Mayfair iliyo jirani, Wasomali na Waethiopia. Mtu wa Mombasa au Unguja akipita hapo jioni, harufu ya nyama ya kuchoma na mchuzi wenye viungo haiwezi kumshangaza, wala sauti ya adhana.

Bag Factory, maana yake kiwanda cha mifuko, lilikuwa ndivyo jina lake linavyosema. Mwaka 1991 jengo hilo liligeuzwa kuwa studio za wasanii. Waliokuwa nyuma ya wazo hilo ni mchoraji David Koloane na Robert Loder, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyewahi kuishi Afrika Kusini na kupenda sanaa zake. Mwaka huohuo Bunge la Afrika Kusini lilifuta Sheria ya Maeneo ya Makundi, ambayo tangu 1950 ilikuwa ikiamua nani aishi na kufanya kazi wapi kwa kuangalia rangi ya ngozi yake. Wasanii weusi na weupe wakawa na vyumba chini ya paa moja, wakitumia birika moja la chai. Leo jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Mwaka 1991 mazungumzo ya kisiasa yalikuwa yakiendelea huku damu ikimwagika katika vitongoji.

Koloane alizaliwa Alexandra mwaka 1938. Alikua katika nchi ambayo mchoraji mweusi hakuruhusiwa kujiunga na vyuo vya sanaa vya wazungu, na ambayo wanunuzi wa picha zake walikuwa karibu wote wazungu. Wanunuzi hao walijua walichotaka: picha za vibanda, watoto wenye makamasi, wapiga filimbi wa mitaani. Mtindo huo ulipewa jina la sanaa ya vitongoji, na msanii mweusi aliyetoka nje yake aliambiwa kwamba hana uasilia.

Mwaka 1983 Koloane alihudhuria warsha ya Triangle katika jimbo la New York, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla na Loder pamoja na mchongaji wa Uingereza Anthony Caro. Aliporejea nyumbani, yeye na mchoraji Bill Ainslie walianzisha warsha za Thupelo mnamo 1985. Kwa majuma kadhaa wasanii walipewa rangi nyingi na turubai kubwa, vitu ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvishika kwa wingi huo, na wakaachwa wafanye watakalo. Wengi walichora sanaa ya dhahania, isiyoonyesha mtu wala kibanda. Lawama zikafuata. Wapo waliosema kwamba nchi inaungua na wasanii wanacheza na rangi; wapo waliosema kwamba hiyo ni mitindo ya Marekani iliyoletwa kwa fedha za Marekani.

Lawama ya kwanza ilikuwa na uzito wake, kwa maana hali ya hatari ilitangazwa mwaka huohuo wa 1985. Hata hivyo, jibu ambalo Koloane alilitetea maisha yake yote lina nguvu zaidi: kumwambia msanii mweusi kwamba achore mateso tu ni aina nyingine ya kumwekea kibali cha kupita, kama kile ambacho kila Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Yeye mwenyewe hakuikimbia Johannesburg. Picha zake zimejaa moshi wa makaa, taa za magari na mbwa wasio na mwenyewe wanaozurura usiku. Alichokataa ni kuchaguliwa.

Fikra ya karatasi nayo haikuanza na Lutaaya katika jengo lile. Sam Nhlengethwa, mmoja wa wasanii wa mwanzo wa Fordsburg, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa picha za kubandika. Kazi yake ya mwaka 1990 kuhusu kifo cha Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana za enzi hiyo. Kay Hassan alichana mabango makubwa ya matangazo ya barabarani na kuunda nyuso kubwa za watu wa kawaida, wale ambao mabango hayo hayakuwaonyesha kamwe isipokuwa kuwauzia sabuni. Kwa hiyo kijana wa Kampala alipookota karatasi zake, aliingia katika mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kwa miaka ishirini.

Lakini alileta lake. Nyuso zake nyingi ni za watoto, aghalabu wale wasio na wa kuwaangalia, na wanatazama mbele bila kulia na bila kuomba. Kwa jinsi picha zilivyotengenezwa, kila uso umefanywa kwa kitu ambacho mtu mwingine amekitupa. Wauzaji wa sanaa walilipenda fumbo hilo, na pengine walilipenda kupita kiasi. Msanii wa Kiafrika anayefanya kazi kwa taka ni hadithi inayouzika kwa urahisi Ulaya na Marekani, na hatari yake inafanana na ile ya sanaa ya vitongoji aliyoipinga Koloane. Ukosefu wa rangi haukuwa baraka. Ulikuwa ukosefu, na kilichouvuka ni jicho la mchoraji aliyejua kwamba kipande cha tangazo la manukato, kikigeuzwa juu chini, kina kahawia ileile iliyo ubavuni mwa pua ya mtoto. Jicho hilo halitoki katika pipa la taka. Lilitoka katika miaka ya kusoma na kuchora. Alipoweza kununua rangi alizinunua, akazichanganya na karatasi katika kazi zake za baadaye.

Kuishi Johannesburg kama mgeni kulikuwa na masharti yake. Mei 2008, miaka mitatu kabla ya Lutaaya kufika, mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, kulekule alikozaliwa Koloane, yakasambaa na kuua watu 62. Aprili 2015 ghasia zilizuka tena Durban na kufika Johannesburg. Katika mazingira hayo Mganda mmoja alibaki, akauza picha, akawa jina linalotafutwa na wakusanyaji wa sanaa, na sehemu ya mapato yake akaielekeza kwa wengine. Katika eneo la Victoria Yards, mtaa wa Lorentzville upande wa mashariki wa jiji, alianzisha mahali pa kazi palipoitwa The Project Space, akilenga hasa kuwasaidia wasanii wanawake wa Kiafrika, wapate kile alichokuwa amekipata yeye Fordsburg: chumba, muda na mtu wa kumwonyesha kazi kabla haijakauka.

Mtandao wa Triangle ulikuwa umefika pia nyumbani Afrika Mashariki. Kuona Trust, iliyoanza mjini Nairobi mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilitokana na ukoo huohuo wa warsha na studio za pamoja, na wachoraji kadhaa wa Kenya wanaouza kazi zao nje leo walipitia hapo. Njia iliyompeleka msanii wa Kampala hadi Fordsburg ilikuwa imelimwa na wengi kabla yake.

Mwaka 2019 ulikuwa wa msiba katika jengo la kiwanda cha mifuko. Lutaaya alifariki dunia mwaka huo akiwa kijana wa miaka thelathini na ushei. Tarehe 30 Juni Koloane naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 81, mwezi mmoja tu baada ya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake kufunguliwa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Cape Town. Loder alikuwa ametangulia mwaka 2017.

Zimebaki kazi, na hapo linazuka swali ambalo kabati la Remps limekwisha kulijibu kwa upande wake. Rangi ya mafuta ni kitu kigumu kufa. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta hewa, yakawa ngozi imara inayoishika rangi kwa karne nyingi. Hufanya nyufa, hugeuka manjano kidogo, lakini mtaalamu huweza kusafisha vanishi ya juu na kuirudisha picha karibu na hali yake. Kioo kilichovunjika katika picha ya Florence hakijawahi kuvunjika zaidi kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Karatasi ya gazeti haina bahati hiyo. Imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake kuna kemikali ya mti iitwayo lignini ambayo, ikipigwa na mwanga na hewa, huzaa asidi. Ndiyo maana gazeti lililoachwa dirishani hugeuka rangi ya chai kwa muda mfupi, kisha hukatika likikunjwa. Karatasi nyororo ya majarida huvumilia zaidi, lakini wino wake hupauka: mara nyingi nyekundu na manjano hutangulia kuondoka, na buluu na nyeusi hubaki nyuma. Gundi nayo huzeeka kwa namna yake, ikiachia kingo hapa na pale. Ikiwa hivyo ndivyo, uso uliojengwa kwa vipande vya rangi mbalimbali hauzeeki kwa mpigo mmoja. Shavu linaweza kupauka huku kivuli cha chini ya jicho kikibaki kama kilivyokuwa, na mtoto yule akabadilika sura bila mkono wa mtu kumgusa.

Majumba ya sanaa yana kanuni kwa kazi za namna hiyo. Mwanga hupunguzwa hadi kiasi cha luksi 50, karibu sawa na chumba chenye taa moja hafifu, na picha huonyeshwa kwa miezi michache kisha hurudishwa gizani kupumzika. Kioo cha kuzuia miale mikali huwekwa mbele yake, na unyevu wa chumba hupimwa kila siku. Wengi wa walionunua kazi za Lutaaya, hata hivyo, ni watu binafsi waliozitundika sebuleni, na sebule nyingi za Johannesburg zina madirisha makubwa yanayotazama jua la nyanda za juu.